Nilichemsha Uso wa Gitaa Kama Ukindu

Nimekosa, wala sikukosa kwa bahati mbaya. Wako watu wakiharibu wanasema shetani aliwapitia. Mimi hakunipitia. Angepita kwangu siku ile angenikuta nimeshamtangulia, nachochea kuni.

Jina langu liacheni. Mimi ni bibi wa watu, naishi Buzebazeba, na mikono yangu inajulikana kuliko uso wangu. Kusoma nilisoma ngumbaru, nikaachia pale mwalimu alipoanza kunifokea kama mtoto, nikamwambia nina wajukuu wakubwa kuliko yeye. Kwa hiyo maneno yangu yakipanda kilima na kushuka, vumilieni. Ndivyo zilivyo njia za huku kwetu.

Kazi yangu ni mikeka. Sisemi kwa kujisifu. Ah, nasema kwa kujisifu, nani ananizuia? Mabinti wa Ujiji wameolewa juu ya mikeka yangu, na baba zao wamefunikwa nayo wakipelekwa makaburini. Zambarau yangu haina mpinzani. Unga wa rangi kila mtu anaununua dukani, lakini kuchemsha ndiko kazi. Kuna wanawake hapa mtaani, siwataji, ukindu wao ukitoka kwenye sufuria utadhani umetapikiwa. Wangu uumwagie maji, uulalie na jasho, uanike juani, zambarau iko palepale inakutazama.

Shikeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Watu walivuka kutoka Burundi, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi kufuata pwani ya ziwa, sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Wengi walipelekwa makambini upande wa Kasulu. Wengine walibaki mjini kimya kimya, kwa watu. Kwangu alikuja kijana mmoja na mkewe. Nimwite Nestori, na mkewe Godeliva. Majina si yao. Walikuja kuomba maji ya kunywa. Godeliva akaniona nachambua ukindu, akakaa chini bila kuambiwa, akaanza kuchambua. Nikatazama vidole vyake, nikatazama vyangu, nikawaambia kile chumba cha uani kina panya lakini kina mlango.

Hivyo ndivyo walivyobaki. Msiniite mwema. Nilipata mchambuaji wa ukindu ambaye mfano wake sijawahi kuupata tangu nizaliwe, anachana jani jembamba kama uzi na hasemi sana. Wao waliniita Mukecuru. Siku ya kwanza nilinuna, kisha nikaambiwa kwao ndiyo heshima, mwanamke mzee. Nikasema uzee nauona mwenyewe, lakini haya, niiteni.

Nestori alikuwa seremala, na kwao alikuwa akitengeneza magitaa. Mwanzoni huku hakuna aliyejua hilo. Asubuhi alikwenda Kibirizi kubeba magunia ya dagaa, jioni anarudi na magamba kwenye nywele, ananuka soko zima. Akishaoga ndipo anakaa na vipande vyake vya mbao, anakwangua, anagonga kwa kidole, anasikiliza. Nilimwambia, wewe mwanamume unabisha hodi kwenye mbao, nani atakuitikia? Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, huyo.

Ikatokea kwaya ya kanisa moja hapa mjini gitaa lao likapasuka. Mimi ni Mwislamu, makanisa yao siyajui moja moja, na sitaki kumchongea mtu. Ila mwalimu wa kwaya namkumbuka. Tai yake iliishia juu ya tumbo, kama mtu aliyepanda kilima akafika katikati akachoka. Alisikia habari za Nestori sokoni, akaja kwangu uani, akakubaliana naye: atengeneze gitaa, liwe zambarau kama majoho ya kwaya, liwe tayari kwa Pasaka. Likiwa zuri, yeye mwenyewe, kwa miguu yake na tumbo lake, ataingia ofisi ya serikali aseme huyu ni fundi wetu, tunamdhamini, aachwe mjini.

Hilo ndilo lililokuwa jambo. Si gitaa. Maneno yalikuwa yanapita mtaani kwamba wakimbizi wote walioko mjini watakusanywa wapelekwe kambini. Na Godeliva alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza ilitoka njiani wakati wa kukimbia, chini ya mgomba wa watu. Hii ya pili aliibeba kama mtu aliyebeba yai juu ya mtumbwi. Alitaka kuzaa hapa, karibu na hospitali, karibu na mimi. Aliniambia hivyo mara moja tu, akarudi kwenye ukindu.

Sasa mbao. Nestori aliitoa kwa wapasua mbao, walikuwa wameitupa. Ilikuwa nyeupe kama muhogo uliomenywa, na nyuzi zake hazikwenda sawa. Zilijikunja kunja kama maji ya ziwa upepo mdogo ukiyagusa. Mafundi wengine hawaitaki mbao ya namna hiyo, randa ikipita inang'oa nyama. Yeye aliisugua polepole kwa kipande cha chupa mpaka ikawa laini. Akaipasua katikati, akaifungua kama mbawa za kipepeo, mawimbi ya huku yakatazamana na mawimbi ya huko. Akaunganisha kwa gundi ya ngozi aliyoichemsha mwenyewe, inanuka kama supu iliyosahauliwa. Huo ndio ukawa uso wa gitaa. Mbavu zake alizikunja kwa maji ya moto: aliziloweka kwenye maji yanayochemka, akazibana kwenye bomba lenye moto, zikapinda kama chapati. Nililiona hilo kwa macho yangu. Nalo lishikeni.

Rangi aliniomba mimi. Nikampa unga wa zambarau, na ushauri juu yake, bure. Unga aliuchukua. Ushauri aliuacha hapo hapo.

Badala ya kuchemsha, aliukoroga kwa maji kidogo, akauacha upoe, akauchuja kwa kipande cha kanga kuukuu. Akapaka kwanza kwenye vipande vya kutupa. Kisha akaupaka uso wa gitaa, ukawa mweusi tii kama sufuria. Ukakauka. Halafu, jamani, akachukua msasa akaanza kuitoa!

Nikamwambia, "Wewe, rangi unaiweka au unaifuta?"

"Mukecuru," akasema, "mti huu una mahali panapokunywa na mahali panapokataa. Rangi ya kwanza ni ya kumwuliza tu. Nikikwangua, inabaki pale alipokunywa. Ya pili ndiyo ya kumvalisha."

"Na mteja utamwambia aje kutazama ulichomwuliza mti?"

Akacheka tena. Mimi sikucheka. Moyoni nilisema, huyu hajui rangi. Rangi inachemshwa, inaingia mpaka kwenye mfupa. Rangi ya kupaka ni ya midomo.

Lakini niseme kweli, si hilo tu lililonichoma. Mwalimu wa kwaya alikuja siku moja kuangalia kazi inavyokwenda. Nilikuwa nimetandaza uani mkeka mpya, sijaukata hata nyuzi za pembeni. Akapita juu yake. Na viatu! Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ile mbao, akainama, akasema, "Aa, zambarau nzuri hii. Fundi, una mkono." Zambarau yangu! Unga wangu, kanga yangu, uani kwangu, na alama ya soli yake iko kwenye mkeka wangu. Nestori alitaka kusema jambo, nadhani alitaka kunitaja, lakini yule hakumpa nafasi. Aliondoka na kupita juu ya mkeka kwa mara nyingine.

Siku mbili hizo sikula vizuri. Nilikuwa namtafuna mwalimu wa kwaya.

Ikafika siku aliyosema atarudi kuona uso ukiwa umekamilika. Asubuhi Nestori akamaliza kukwangua rangi ya kwanza, akauegemeza uso barazani kwenye kivuli, akasema akirudi mapema kutoka Kibirizi atapaka ya pili, na alasiri mwalimu ataukuta umekauka. Godeliva alikwenda kliniki. Nikabaki mimi, ukindu wangu, na moto uliokwisha kukolea.

Nikautazama ule uso. Machoni pangu ulikuwa karibu mweupe tena, na mistari mistari kama paka. Nikasema, maskini, ameshindwa, na mwenye tai anakuja. Nikajionea huruma kwa niaba yake. Nikaona nimwokoe. Na katika kumwokoa, mwalimu wa kwaya ajue zambarau ni ya nani.

Mbavu si alizichemsha? Kama ubavu unavumilia maji ya moto, uso una nini? Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, na niliiona imetimia.

Sufuria yangu ya ukindu ilikuwa ndogo. Nikachukua nusu pipa, lile ninalochemshia chikichi wakati wa kukamua mawese. Nililisugua kwa majivu na sabuni. Ninyi watu wa huku mnajua: pipa la mawese halitakati, linakudanganya tu. Maji yalipochemka, nikamwaga unga, mwingi kuliko ninaoutia kwa mikeka, na juu ya ile zambarau yakaanza kuelea macho ya mafuta, mekundu, yananitazama. Niliyaona. Ningeapa sikuyaona, nani angenipinga? Lakini niliyaona.

Nikautia uso. Ukaelea. Nikauwekea jiwe la kusagia juu. Nikachochea.

Nilikuwa hata naimba.

Mara nikasikia kitu kimesema ta! ndani ya pipa. Nikatoa jiwe. Ile gundi ya ngozi ilikuwa imerudi kuwa supu. Kipepeo akawa mbawa mbili, kila moja inaelea upande wake kama samaki aliyekufa. Nikazitoa kwa mti, nikazianika juani, nikijiambia zikikauka zitatulia. Zilikauka, kweli. Zikajikunja kama kandambili zilizosahauliwa juu ya bati. Palipoguswa na mafuta rangi ilikataa kabisa, pakabaki mabaka meupe kama mapunye, na kwingine kote zambarau ilinywewa bila adabu, nyeusi moja kwa moja. Mawimbi hayakuwepo. Kazi yote ya kumwuliza mti, nikawa nimemjibia.

Sasa sikilizeni, maana hadi hapa ni upumbavu, na upumbavu ungesameheka. Mwanamke mzee alipika gitaa. Watu wangecheka, yangekwisha.

Mimi nilifanya nini? Nilimwaga ile rangi nyuma ya choo. Nikaosha pipa, nikaliinamisha mahali pake. Nikazirudisha zile mbao barazani, nikaziegemeza vilevile kama alivyoziacha. Nikakaa kwenye mkeka wangu, nikaanza kusuka.

Nestori alichelewa, boti zilichelewa. Alikutana na mwalimu wa kwaya njiani, wakaingia uani pamoja, na mama wawili wa kwaya nyuma yao. Mwalimu akapita juu ya ukindu wangu kama kawaida yake, akafika barazani, akaokota kipande kimoja kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya.

"Fundi, hiki ni nini?"

Nestori alisogea. Alikichukua, akakigeuza. Kisha akakinusa. Akakinusa, jamani, nikajua kwisha habari yangu. Uani kwangu mawese yana pipa moja tu. Akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, ingekuwa nafuu. Aliniangalia kama mtu aliyefungua mlango akausimamia, anakungoja upite.

Mwalimu akanigeukia. "Bibi, wewe umeshinda hapa. Nani ameharibu hii kazi?"

Mikono yangu ilikuwa zambarau mpaka kwenye viwiko. Lakini ni lini mikono yangu haikuwa zambarau? Ya Nestori ilikuwa na magamba ya dagaa. Mtu mwenye macho angeitazama mikono yetu asingehitaji kuuliza. Yule alikuwa na tai.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ni mimi. Hata mtoto analiweza. Mwalimu angenuna, angeninenea, labda angesema wanawake wa mikeka hawana akili. Halafu angemwongezea Nestori muda, maana kijana angekuwa hana kosa. Lakini wale mama wa kwaya walikuwa wananiangalia. Mmoja wao aliwahi kununua mkeka kwangu. Nikaona kesho habari ikifika Mwanga, ikifika Ujiji: yule bibi wa zambarau, yule anayejidai, kachemsha gitaa kwenye pipa la mawese.

"Muulize fundi," nikasema. "Mimi ni mtu wa mikeka."

Ningeishia hapo. Nani alinituma niendelee? Nikaongeza:

"Nimemwona tangu juzi anapaka na kukwangua, anapaka na kukwangua. Nikajua huyu hajui."

Mwalimu akamgeukia Nestori. "Ni kweli? Ni wewe?"

Kijana alikiweka kile kipande chini. Kuku alipita.

"Ego," akasema. Ndiyo, kwa lugha yao. "Ni mimi. Niliharakisha."

Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani kwao ni kama kwetu: uliyekula chungu chake humvui nguo mbele ya mgeni. Alikuwa amekula changu. Kumbe ugali wangu ulikuwa na bei, na aliilipa yote siku moja.

Mwalimu akajifuta vidole, akasema kwaya haiwezi kumdhamini mtu wa kuharakisha. Akaenda. Safari hii alizunguka mkeka. Nadhani alimwonea haya Nestori, si mkeka.

Godeliva aliporudi kutoka kliniki alimkuta mumewe anafagia vumbi la mbao. Sijui alimwambia nini, walisema Kirundi, na kwa sauti ya chini. Asubuhi Nestori alipita mbele yangu akiwa njiani kwenda Kibirizi, akaniamkia kama siku zote, "Mwaramutse, Mukecuru." Nikamwitikia. Unafiki wangu ulikuwa na afya nzuri, ulilala ukaamka.

Kwaya walinunua gitaa la dukani, jekundu kama pikipiki. Pasaka niliwasikia kwa mbali wakilipiga. Sisemi kitu juu ya sauti yake, nitaonekana nina kijicho.

Tangazo likaja, kama lilivyokuwa likinong'onwa. Wasio na wa kuwadhamini wapande malori. Siku ya kuondoka nilipika wali, watu wanapika nini siku kama hiyo? Walikula kidogo. Godeliva tumbo lilikuwa limefika mbele yake kabla yeye hajafika. Akaniita chumbani kwao, akanionyesha pembeni matita ya ukindu, yamechambuliwa, yamefungwa, yamepangwa kwa urefu mpaka dirishani.

"Nimekuchambulia wa kutosha, Mukecuru," akasema. "Macho yako hayaoni vizuri jioni."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Lori lilikuwa bado barabarani linapakia. Ningeshika kanga, ningekwenda kwa mwalimu wa kwaya, ningemtoa kwenye mazoezi yake. Nikasema, "Asante, mwanangu. Mfike salama." Lori likaondoka, njia ya Kidahwe, vumbi likasimama, mimi nikarudi kukwangua wali uliokauka chini ya sufuria.

Zile mbawa mbili niliziokota. Nikasema angalau mmoja utafunika mtungi wa maji. Ulikuwa umejikunja mno. Hata mtungi haukuufunika! Mende waliingia upande wa kulia na upande wa kushoto kama wanaoingia sokoni. Lakini sikuutupa. Wageni wakiuliza hiki ni nini, nilikuwa nasema ni kifuniko.

Na ukindu wa Godeliva nilisuka mpaka ukaisha. Haukuwahi kutoka mkeka mzuri namna ile mikononi mwangu. Watu walisifu. Kila aliyesifu nilimchukia.

Ilipita miaka. Nikasikia kutoka kwa mwanamke anayepeleka dagaa kambini kwamba wapo, na mtoto alizaliwa mzima, msichana. Nikafunga mkeka, nikafunga dagaa, nikafunga na unga wa zambarau, nikapanda basi la Kasulu. Mgongo wangu mpaka leo unalidai basi lile. Nilikwenda kusema. Naapa nilikwenda kusema.

Nilipofika karibu na nyumba yao, nyumba ya udongo na turubai, watoto wakanizunguka. Mmoja akaona mikono yangu. Akapiga kelele kwa wenzake, na wenzake wakapiga kelele kwa mama zao, na mama zao wakatoka milangoni wanacheka kabla sijawaamkia.

"Ni yeye! Ni yule aliyepika gitaa!"

Kumbe kambi nzima inanijua. Nestori alikuwa amefanya kisa, akitengeneza gitaa mtu akimwuliza kwa nini halipaki rangi, anawasimulia habari za Mukecuru wa Buzebazeba. Wameongeza viungo. Kwamba nilitia chumvi. Kwamba nilionja. Kwamba nilimwambia mwalimu wa kwaya asubiri kidogo, mchuzi haujakolea. Babu mmoja asiye na jino aliniuliza kama nilitia na pilipili.

Nilikasirika, msidhani sikukasirika. Mimi ndiye huwa nacheka watu.

Kisha akatoka mtoto mdogo wa kike, vidole vyake vyembamba, vidole vya mama yake. Akanishika kanga, akainua uso, akauliza kwa upole kabisa:

"Bibi, liliiva?"

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi. Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sikumbuki kilichotangulia.

Nestori alitoka na gitaa mkononi, mbao tupu, nyeupe, haijapakwa kitu. Tulikaa, tukala, watu wakaja kunitazama kama harusi. Katika kile kicheko chote nikawa nasubiri lile lingine. Nasubiri mtu mmoja aseme, na ndiye huyu aliyemsingizia fundi. Hakuna aliyesema. Nikageuza maneno yao kila upande, halimo. Watu walipopungua nikamwuliza Nestori kwa sauti ya chini, amewaambia nini.

"Kwamba ulichemsha."

"Na lile lingine?"

Alikuwa anakaza uzi wa gitaa. Hakuinua macho.

"Kupika kunachekesha, Mukecuru. Lile lingine halichekeshi. Nikaliacha."

Godeliva alikuwa karibu, anapepeta mchele. Ungo haukusimama.

Na mimi, niliyetoka nyumbani nimebeba neno moja, nilisema nini? Nilisema dagaa wale waanikwe tena kidogo, walikuwa na unyevu. Nikalala, nikaamka, nikarudi na neno langu kwenye basi, halikulipiwa nauli.

Baadaye sana nilimfuata mwalimu wa kwaya. Amezeeka, tai hana tena, tumbo bado. Nikamwambia yote. Akanisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Bibi, gitaa gani hilo? Siku hizi tuna kinanda." Hakumkumbuka hata kijana mwenyewe. Nilitoka kwake kama mtu aliyepeleka maiti msibani akaambiwa hapa si penyewe.

Wakimbizi walirudi kwao, kambi ikafungwa, simu yao sina. Ndiyo maana nimewaandikia ninyi. Nestori alilificha lile lingine kwa heshima ya ugali wangu, na mimi ugali wangu naujua, haukuwa na thamani hiyo.

Wewe unayesoma, hasa wewe unayesifiwa mtaani kwa kazi yako, wewe ndiye ninayekusema. Unayejua mikeka, jua mikeka. Na ukiharibu cha mtu, fungua mdomo mikono ikiwa bado na maji. Rangi mbichi inafutika kwa kitambaa. Ikishakauka ni ya kukwangua, na mimi nakwangua hadi leo, haijaonekana mbao.

Na yule mtoto, kama amekuwa mkubwa na haya yakamfikia popote alipo: hapana, mjukuu wangu. Halikuiva. Na baba yako hakuharakisha.